Somo: Ukikutana na lori la mafuta barabarani, na likishalala ubavu

Wakuu, nimekaa kwenye malori ya mafuta miaka 11, minne nikiwa utingo na saba nikishika usukani, njia ya Dar kwenda Tunduma. Somo hili ni la ninyi mnaotukuta njiani: wa bodaboda, wa daladala, wa gari ndogo, na unayeishi kando ya lami.

Hatua ya 1: Jua kilichomo. Tenki la kawaida linabeba kama lita 30,000 hadi 45,000, zikiwa zimegawanywa vyumba vyumba. Baadhi ya malori yana kibao cha rangi ya chungwa: 33 juu na 1203 chini ni petroli, 30 juu na 1202 chini ni dizeli. Usipokiona, chukulia ni petroli.

Hatua ya 2: Usilichomekee mbele. Aliyewahi kujitwika ndoo ya maji bila kuweka majani juu ananielewa. Wewe unasimama, maji yanaendelea na safari, yanakuishia mgongoni. Ndani ya tenki mna kuta zenye matundu za kupunguza hilo wimbi, lakini chumba kilichojaa nusu bado kinasukuma. Dereva akikata usukani ghafla kukukwepa, mafuta yanaegemea upande mmoja, na kwa vile uzito wetu uko juu, gari linalala. Wala si lazima awe na spidi kubwa. Kipilefti tu kinatosha.

Hatua ya 3: Mlimani tuvumilieni. Lori linaloshuka Kitonga taratibu siyo bovu. Dereva amebana gia ndogo ili injini imzuie, breki zisichemke. Zikichemka, unakanyaga na gari haisikii. Ukiona moshi kwenye matairi, usijipeleke mbele yake. Kaa nyuma mbali.

Hatua ya 4: Likishalala, ondoka. Hapa ndipo watu wetu wanapoisha. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019, walikufa zaidi ya 100. Sachang'wan kule Molo, Kenya, Januari 2009, pia zaidi ya 100. Hao hawakugongwa na lori. Wengi walilifuata kwa miguu na kwa bodaboda, na madumu mkononi.

Petroli yenyewe mnaiona, tatizo ni mvuke wake. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, hivyo haupandi kama moshi, unatambaa. Jua likiwa kali utaona hewa inachezacheza juu ya majani, kama juu ya bati mchana. Mvuke huo unashuka mtaroni, unapita kwenye kalavati, unaibukia uani kwa mtu mwenye jiko la mkaa. Moto ukianzia kule, unarudi ulikotoka kwa kasi ambayo hakuna miguu ya kuishinda. Pale Sange, Kongo, 2 Julai 2010, walikufa zaidi ya 230, na baadhi yao walikuwa ndani ya vibanda wakitazama Kombe la Dunia. Hawakuchota hata kikombe.

Kwa hiyo: ukiwa mbali, geuza. Ukiwa tayari unasikia harufu, zima injini, shuka, tembea kuelekea upepo unakotoka, upande wa mwinuko, usifuate mtaro. Betri msiguse, sigara msiwashe. Kipimo cha wazimamoto ni mita 50 pande zote, mita 300 upande upepo unakoelekea, na tenki likiwaka mita 800, yaani kama viwanja vinane vya mpira. Ukishafika mbali ndipo upige 114 Zimamoto au 112 Polisi.

MASWALI

*Mkuu, kama ni dizeli tu, si haina shida?*
Dizeli haishiki moto kirahisi hivyo, ni kweli. Ila lori moja linaweza kubeba dizeli chumba cha mbele na petroli cha nyuma, na wewe unayechota huwezi kujua chumba kipi kimepasuka. Halafu dizeli kwenye lami ni utelezi. Wenye pikipiki, punguzeni mwendo mapema, msikanyage breki juu yake.

*Mimi ni bodaboda. Nikae wapi?*
Usiponiona usoni kwenye kioo changu cha pembeni, nami sikuoni. Na usiingie kushoto kwangu penye kona: nitatanua kulia kwanza, utadhani nimekupisha, kumbe tela linakuja kukata hapohapo uliposimama.

*Na dereva akinasa ndani? Tumwache afe?*
Swali hili linanikosesha usingizi, maana ni mimi huyo. Kama mafuta hayavuji na harufu hakuna, waje wawili watatu, simu wameziacha, wamtoe. Kama petroli inamwagika, msije. Nimeshamwambia mke wangu hivyohivyo.

*Kaka, ninapika chakula pale malori yanapolala. Tenki tupu nalo lina hatari?*
Dada yangu, tupu ndiyo baya zaidi, limejaa mvuke mtupu. Jiko lako liweke upande upepo unakotoka, mbali na malori, na ukiona utingo anafungua mifuniko ya juu kupunga hewa, mpigie kelele afunge kabla hujachochea mkaa. Akikujibu ovyo, mnyime ugali.