Bosi anataka karatasi ya daktari: mpe nini, na nini ubaki nacho mwenyewe

Bosi ana haki ya kujua kwamba huwezi kuja kazini na lini utarudi. Unaumwa nini, hiyo ni habari nyingine, na mara nyingi haimhusu. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaitoa wenyewe hata kabla ya kuulizwa, yaani mtu tumbo linamuendesha basi anamuandikia msimamizi meseji ndefu ameenda chooni mara ngapi tangu usiku, eti asipoeleza yote ataonekana mwongo.

Na mimi nimo. Kuna siku nilipiga picha karatasi nzima niliyotoka nayo hospitali, ugonjwa upo, vipimo vipo, dawa zipo, halafu badala ya kumtumia msimamizi nikairusha kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Nimekuja kushtuka baada ya kama dakika nne, nikafuta, lakini wapi. Niliporudi kazini jamaa wa stoo ambaye hata jina lake nilikuwa silijui akaniuliza, "vipi, vile vidonge vimekukubali?"

Kwa hiyo tuanze na meseji. Asubuhi ukiona huwezi, mtumie msimamizi peke yake, mapema, kitu kama hiki:

"Habari za asubuhi bosi. Leo sitaweza kuja, naumwa. Naenda kumuona daktari, kabla ya saa nane mchana nitakujulisha kama nitahitaji siku zaidi. Kazi ya leo nimemwachia mwenzangu wa zamu."

Imetosha hiyo. Akirudisha "unaumwa nini?" mjibu kwa upole tu, "ni suala la kiafya, daktari analishughulikia, karatasi nitaleta." Usitunge ugonjwa. Unasema homa kali, kesho karatasi inakuja na mhuri wa kliniki ya meno, sasa hapo umejitafutia kesi ambayo haikuwepo.

Halafu nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, usisubiri upone kwanza. Daktari anaandika alichokiona, na wengi hawakubali kukuandikia siku zilizopita ambazo hawakukuona, na wako sahihi. Na hizi karatasi za kununua mitaani achana nazo kabisa, kutoroka siku moja unaweza kuishia na onyo lakini karatasi feki ni kufukuzwa moja kwa moja na pengine polisi juu.

Ukiwa chumba cha daktari, kabla hajashika kalamu, mwambie: "Daktari, hii inaenda kazini, naomba usiandike ugonjwa." Watu wanaona aibu kusema hivyo, sijui kwa nini, madaktari wanaombwa hivyo kila siku. Karatasi ya mapumziko, au ED kama wengine wanavyoiita, kazi yake ni kuonyesha jina lako, tarehe uliyoonwa, unapumzika kuanzia lini mpaka lini, jina la daktari, sahihi na mhuri. Sasa angalia na kichwa cha karatasi, hapa ndipo wengi wanaponasa: ugonjwa haujaandikwa popote lakini juu pameandikwa kitengo cha afya ya akili au kliniki ya uzazi, sasa umeficha nini? Omba yenye jina la hospitali tu. Na kama ugonjwa umeshaandikwa usiukwangue na kalamu mwenyewe, itaonekana umegushi, rudi uandikiwe nyingine.

Je, bosi anaruhusiwa kudai karatasi kwa siku moja tu? Inategemea uko wapi na mkataba wako unasemaje, usome. Uingereza mgonjwa anajieleza mwenyewe mpaka siku 7, zikizidi ndio cheti kinahitajika. Ujerumani kwa kawaida ni ugonjwa ukizidi siku 3, ingawa mwajiri anaweza kudai mapema zaidi, na cheti cha wenzetu hao upande wa mwajiri hakina ugonjwa kabisa. Afrika Kusini mwajiri anaweza kugoma kukulipa bila cheti kama hukuwepo zaidi ya siku 2 mfululizo, au zaidi ya mara 2 ndani ya wiki 8. Tanzania na Kenya malipo ya likizo ya ugonjwa yamefungwa kwenye cheti, kwa hiyo hapo usibishane, peleka. Anachokidai ni cheti cha daktari, faili lako la hospitali ni kitu kingine.

Utasikia pia watu wanasema "siwezi kuulizwa, kuna HIPAA." Hiyo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1996 na inawabana hospitali, madaktari na kampuni za bima, haimkatazi bosi wako kukuuliza wewe. Kinachombana mwajiri kule ni ADA, sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990, maswali ya afya lazima yahusiane na kazi na taarifa zenyewe zikae kwenye faili la peke yake. Kenya kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022, zote zinahesabu habari za afya kama taarifa nyeti, yaani HR hawatakiwi kuziacha mezani kila mpita njia asome.

HR wakipiga simu hospitali kuhakiki? Kuuliza kama karatasi ni yao kweli, sawa. Ila hospitali haitakiwi kuwatajia ugonjwa bila ridhaa yako, ndio maana ukiletewa fomu ya kusaini isome polepole. Nimeshaona moja imeandikwa "taarifa zote za matibabu, wakati wowote." Usisaini hivyo. Omba iandikwe ni tukio gani na tarehe zipi, na ubaki na kopi.

Kuna sehemu kunyamaza hakusaidii lakini. Umeumia kazini na unataka fidia, lazima jeraha lielezwe. Unashika chakula cha watu na una ugonjwa wa kuambukiza, sema. Unaendesha gari na dawa zinakulaza usingizi, sema. Au unataka upunguziwe kazi, basi eleza unachoshindwa badala ya jina la ugonjwa: "daktari amesema nisinyanyue mzigo mzito kwa wiki 6," imeeleweka bila mtu kujua ulifanyiwa operesheni gani. Hata daktari wa kampuni, jibu lake kwa bosi lingetakiwa kuwa anafaa, hafai, au anafaa kwa masharti haya. Kuhusu VVU shirika la kazi duniani, ILO, lilishaweka wazi kwenye pendekezo lake namba 200 la mwaka 2010 kwamba mfanyakazi asilazimishwe kupima wala kutaja hali yake.

Karatasi yenyewe ipeleke kwa HR mkononi kwenye bahasha, au kwa barua pepe kwa mtu mmoja, usimpe mlinzi wala mapokezi. Kopi kaa nayo. Ukigundua imesambaa andika malalamiko kwa maandishi, taja tarehe na nani aliiona, maana ya mdomo yanapotea hivi hivi.

Kinachobaki ni wenzako, na hao ndio wagumu kuliko bosi maana wanauliza kwa upendo. "Ulikuwa unaumwa nini jamani?" Mimi siku hizi nawaambia sikuwa vizuri, sasa niko poa, asanteni, ehe, ile ripoti ya Jumatatu iliishia kwa nani?