Tenki ya juu ya nyumba ikivuja, anzia chini yake

Kwa plot yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, maji ya mfereji hukuja mara mbili kwa wiki, wiki mbaya ni mara moja, sa tenki ikianza kuvuja si maji tu unapoteza, ni siku tatu za kupika na kufua za familia nane. Tenki yetu ya lita 1000 tumeibadilisha mara mbili ndani ya miaka mitatu. Ya kwanza ilifanywa na fundi, ya pili nikafanya mwenyewe na keateka, na tulifanya wenyewe manake ile ya fundi ilipasuka palepale penye ya zamani ilikuwa imepasukia. Hapo ndio nilijua shida haikuwa tenki.

Lakini usikimbie kununua. Hakikisha kwanza kama ni tenki inavuja ama ni kitu kingine. Saa nyingi ni floti, ile boya ya kufunga maji tenki ikijaa, imechoka, maji inapita juu kwa ovaflo usiku ukiwa umelala, ama ni raba ya konekta, pale paipu inaunganishwa na tenki, imekauka, na hizo ni vitu za pesa kidogo. Funga maji inayoingia, funga geti valvu ya kutoka, chora mstari na chaki penye maji imefika halafu uache hadi asubuhi. Ikishuka ikasimama mahali, ufa uko kwa huo urefu, angalia kuzunguka hapo. Ikiendelea kushuka hadi chini kabisa basi ni kwa konekta ama kwa sakafu ya tenki. Panguza nje na kitambaa kikavu kabisa alafu upapase na tishu, penye inalowa ndio hapo.

Mimi nililala tumbo kwa slabu na tochi ya simu saa kumi na mbili asubuhi kabla jua haijatoka. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umeanzia chini ya konekta ukateremka hadi kona ya chini, na pembeni yake kuna mstari mweupe wa chumvi, kwa sababu sisi huongezea maji ya kisima inaletwa na lori la bauza mfereji ukikosa. Nikaingiza mkono chini ya tenki. Fundi alikuwa ameiweka juu ya mbao mbili tu, na katikati ya hizo mbao plastiki ilikuwa imebonyea chini hadi nikaishika kama tumbo la gunia. Lita 1000 ni kilo 1000, tani nzima, imekaa kwa mbao mbili mchana na usiku. Ile konekta nayo ilikuwa imebeba paipu yote ya kushuka bila klipu hata moja kwa ukuta, kila mtu akifungua mfereji paipu inatikisika na inavuta tenki.

Kuhusu kuziba: watu wataniambia weka silikoni, weka epoksi, weka lami. Hizi tenki ni poliethilini na hiyo plastiki haikubali gundi, itashika wiki moja ikauke alafu ibanduke na ganda lake. Kitu inaweza shika ni kuchomelea na plastiki ya aina hiyohiyo, kuna mafundi wa jua kali wanafanya hivyo, lakini kama ufa uko chini penye uzito wote umekaa mi naona ni kununua siku. Na lami kwa maji ya kunywa, tafadhali hapana.

Sa kazi yenyewe. Panga siku moja kabla ya maji kuja, tenki ikiwa imebaki na kidogo. Waambie majirani siku mbili mapema, mtu mwenye mtoto mchanga anahitaji kujua. Ile imebaki usiimwage, lita 200 ni mitungi kumi ya ishirini, gawa. Kama kuna pampu ya kupandisha maji zima kwa swichi kabisa, kwa sababu ikijiwasha bila maji inaungua. Piga picha za paipu zote kabla ya kugusa chochote, kila upande, hizo picha zitakuokoa jioni ukiwa umechoka.

Kufungua unataka paipu renchi mbili, moja inashika konekta isizunguke na nyingine inafungua. Ukitumia moja utazungusha kila kitu na utapasua paipu ya chini yenye haikuwa na shida. Kama yunioni, ile kiungo cha paipu cha kufunguka, imeshika kutu usipigane nayo, kata paipu, utaweka yunioni mpya. Tenki tupu ya lita 1000 watu wawili wanaibeba bila shida lakini kwa ngazi nyembamba haipiti, inateremshwa na kamba kwa ukuta, mmoja juu, mmoja chini, na watoto wote wawe ndani ya nyumba. Siku ya upepo msiguse.

Sa hapa ndio nataka ukae zaidi kuliko mahali pengine pote. Kabla tenki mpya ipande, tengeneza penye itakaa. Tenki inafaa ishikiliwe chini yote, kila inchi, na ile stendi iwe pana kuliko tenki yenyewe, kusiwe na kona inaning'inia nje. Kama ni slabu ya simiti, fagia hadi ujisikie unapapasa meza, kokoto moja ndogo chini ya tani ya maji ni kama msumari. Kama ni stendi ya chuma usiweke tenki juu ya vyuma peke yake, lala ubao mnene mzima juu yake, sisi tuliweka marini boadi, ile plaiwudi ya kuvumilia maji, na chini yake mbao zimekaribiana zimepishana nafasi ya vidole viwili. Weka pimamaji pande zote mbili. Mchanga usiweke, mvua ya Aprili itauosha ubaki na shimo. Na kama unataka kupandisha ukubwa kutoka 1000 hadi 2000, hiyo ni tani nyingine juu ya vichwa vya watu, uliza mtu wa ujenzi kwanza, na iweke juu ya ukuta ama bimu, si katikati ya slabu.

Kwa hadwea usinunue tenki ukiangalia rangi na bei peke yake. Iinamishe, ingiza kichwa na tochi, angalia kama ukuta uko mnene sawasawa, bonyeza na kidole gumba kando ya chini. Ukiona mwanga wa jua unapenya ndani, iache, mwanga ndio unaleta ule ukijani wa kuteleza. Iletwe na mkokoteni ikiwa imesimama, si kuburutwa kwa lami.

Shimo la konekta toboa na ule msumeno wa mviringo wa kuwekwa kwa drili. Usichome na chuma moto, nimeona hivyo mara nyingi sana mtaani, kunabaki na mdomo usio sawa na ufa unaanzia hapo. Shimo la kutoka likae juu ya sakafu kama vidole vitatu hivi ili matope ibaki chini, sio ishuke kwa sufuria zako. Raba inakaa upande wa ndani na ni safi, thredi tepu unazungusha upande unaofungia, mara kumi hivi, unakaza na mkono hadi mwisho alafu robo ya mzunguko na renchi basi, ukikaza zaidi unaiminya raba inatoka. Weka geti valvu na yunioni karibu na tenki, na paipu ishikwe na klipu kwa ukuta kabla haijafika kwa konekta, ndio konekta isibebe kitu. Paipu ya ovaflo iwe nene kuliko ya kuingiza maji, na mdomoni uifunge na neti ya mbu.

Tenki mpya ina vumbi ya kiwanda na saa zingine mabaki ya plastiki ya kutobolea, toa yote. Sisi maji tunahesabu, kwa hivyo hatukujaza tenki nzima na klorini ndio tuimwage. Tulichanganya lita 20 na nusu glasi ya Jik ya kawaida, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, isiyo na manukato, tukasugua kuta zote na brashi ya mkono mrefu tukiwa nje, tukaacha nusu saa ikiwa imelowa alafu tukasuuza. Usiingie ndani ya tenki na hiyo harufu, na maji yenye imetumika ukiosha nayo choo hakikisha hakuna asidi ya choo hapo, zikikutana zinatoa gesi mbaya.

Maji ikija jaza robo, funga, panguza konekta na uangalie dakika ishirini. Jaza nusu, angalia tena. Ijae, uipatie siku nzima. Ukipata konekta inatoa jasho kidogo ongeza kukaza kidogo tu, ikiendelea punguza maji ufungue uanze na tepu mpya. Na usiku wa kwanza, kama maji haijakuja, usiiache tupu juu huko, upepo unaibeba. Kifuniko fungia na waya, njiwa na mbu wote wanatafuta hapo.

Tuliandika tarehe kwa ubavu wa tenki na maka, na kila mwezi nikipanda kuanika nguo napitisha mkono chini ya ubao na kwa konekta. Hadi sai ni kavu. Ile ya zamani mama wa nyumba ya chini aliikata katikati, nusu moja iko na sukuma na nyingine dania, na ile dania tunachuma sisi wote.