Kabla hujapiga hema, tazama juu kisha lala chini

Ukifika Simba, kambi iliyo ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, usikimbilie tu penye mandhari nzuri. Tazama juu kwanza: tawi kavu likikatika usiku kwa upepo halikupi nafasi ya kuamka. Kisha, kabla hujafungua begi la hema, lala chali palepale chini dakika mbili. Mgongo utakuonyesha jiwe na mwinamo ambao macho hayakuuona. Pakiwa na mwinamo kidogo, kichwa kiwe upande wa juu.

Baridi ndiyo huwashangaza wengi. Pale ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ile baridi ya saa tisa usiku hupanda kutoka ardhini. Ukiwa na blanketi mbili, moja itandike chini yako. Turubai la chini likunje lisitokeze nje ya hema hata kidogo, la sivyo litakinga mvua na kuiingiza chini ya godoro.

Chakula kisilale nawe, hata ganda la ndizi, kifungie garini. Kambi haina uzio na tembo hupita. Ukitaka kwenda chooni usiku, fungua zipu kidogo, mulika tochi polepole pande zote. Ukiona macho yanang'aa, funga, tulia, subiri. Na tafadhali sana, mtoto asitoke peke yake, hata choo kikiwa hatua kumi tu.