Somo: Watatu kwa wawili, kushambulia na kukaba kwa zoezi moja

Makocha wenzangu, atakayesema hii ni chandimu, soka la mtaani, hajakosea. Tofauti ni kwamba hapa kocha ndiye anayepanga hesabu ya watu. Madogo wangu wana miaka 10 hadi 13.

1. Pima uwanja kwa hatua, 25 kwa 18. Kila mwisho weka goli la hatua mbili, bila kipa. Koni huna? Kandambili zinatosha.

2. Wekundu watatu washambulie, bluu wawili wakabe. Wengine wapange foleni nyuma ya goli lao. Shambulizi likiisha, liwe goli, mpira kutoka au kuporwa, mwekundu aliyegusa mwisho anakwenda foleni na wenzake wawili wanarudi kukaba. Bluu wanaongezewa mmoja, wanaondoka na mpira hapo hapo. Usisimamishe.

3. Kushambulia. Hapa ndipo penye somo. Mtoto akipewa mpira huutoa mapema, beki akiwa bado mbali. Beki anajongea tu upande wa pili, na wawili wanaendelea kuwatosha watatu. Mwambie amfuate beki mpaka abakize hatua mbili. Beki akimjia, ndipo atoe pasi. Wenzake watanuke pembeni, wasijifiche nyuma ya beki.

4. Kukaba. Beki wa kwanza asijitupe, atapigwa tobo, yaani mpira kupitishwa katikati ya miguu yake. Asimame mshazari, mguu mmoja mbele, amsukumie mwenye mpira kwenye mstari. Wa pili abaki nyuma yake kidogo, upande wa ndani. Kazi yao ni kuchelewesha: hesabu kwa sauti hadi 8, goli halijaingia, mpira wao.

Zamani nilipuliza filimbi kila kosa, watoto wakawa wanacheza huku wananitazama mimi. Siku hizi nabadili sheria tu.

MASWALI

Shikamoo kocha. Nina watoto 22 na mpira mmoja.
– Marahaba. Shona mwingine wa soksi na malailoni, gawa viwanja viwili. Kila kiwanja watoto 11: watano ndani, watatu nyuma ya kila goli. Hakuna anayengoja muda mrefu.

Kuotea je? Wangu mmoja anaganda golini.
– Usipige kuotea. Chora nusu duara ya hatua tatu mbele ya goli, asiingie mtu, hata beki. Mpira ukisimama humo ni wa mabeki.

Mabeki wangu wanafungwa kila mara, jana mmoja kalia.
– Wawili kwa watatu lazima wafungwe. Punguza upana uwe hatua 14, na wakipora mpira kisha wakapasiana, wahesabie goli. Huyo aliyelia mpe kazi ya kuhesabu zile 8 raundi moja. Utasikia anavyoziharakisha.