Unataka kuwa wakili wa mirathi na wazee Marekani? Soma hii kwanza

Watu wakisikia uwakili wanawaza mabishano mbele ya jaji, ila kazi hii muda mwingi ni kukaa mezani na mzee na kumsikiliza mpaka ujue anachotaka kweli, na kama huna huo uvumilivu ni bora ujijue mapema.

Shule sitakaa nayo sana. Digrii ya kwanza ya fani yoyote, alafu mtihani wa LSAT wa kuingilia chuo cha sheria (vyuo vingine vinapokea GRE, mtihani mwingine wa kuingilia masomo ya juu), law school yaani chuo cha sheria miaka 3 upate JD, ambayo ni digrii ya sheria, kisha mtihani wa bar, ule wa kupata leseni ya uwakili, wa jimbo utakalofanyia kazi. California na Virginia ni kati ya majimbo machache yanayoruhusu usome chini ya wakili bila kupita law school, lakini njia hiyo ni ngumu mno, siishauri. Ukiwa shuleni chukua wosia na trasti (mali anayoshikiwa mtu na mwingine kwa faida yake), sheria ya ardhi na majengo, na kodi. Kodi wanafunzi wengi wanaikimbia, wewe usiikimbie. Na kama chuo kina kliniki ya sheria ya wazee, yaani ofisi ambako wanafunzi wanahudumia watu chini ya usimamizi wa mawakili, jiandikishe siku ya kwanza, manake pale unakutana na wateja wa kweli.

Mambo mawili nataka uyajue vizuri kabla hujaajiriwa. La kwanza ni Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo: mzee akiomba imlipie nyumba ya kutunzia wazee, karibu kila jimbo litaangalia miezi 60 ya nyuma kama aligawa mali bure, na wakikuta alimpa mtoto nyumba, mara nyingi anawekewa kipindi ambacho hawamlipii, kwa hiyo familia inayokuja kwako ikiwa imechelewa inaumia sana, na ndo maana nasema mzee aje akiwa bado ana nguvu zake. La pili, wosia haugusi kila kitu. Bima ya maisha na pensheni zinaenda kwa aliyeandikwa kwenye fomu. Kuna kesi ya Egelhoff ya 2001, mume aliachana na mkewe akafa bila kubadilisha fomu za kazini, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua sheria ya jimbo iliyomtoa yule mke wa zamani haifanyi kazi kwa mipango ile ya kazini. Kwa hiyo usiandike wosia wa mtu kabla hujaziona fomu zake zote, zote kabisa.

Sasa hapa ndo penyewe. Binti anakuletea mama yake, binti ndo anaongea, binti ndo analipa. Mteja wako ni nani? Kama kazi ni wosia wa mama basi mteja ni mama, na anayelipa hana ruhusa ya kukuelekeza. Mwombe binti asubiri nje, kwa upole lakini bila kurudi nyuma, alafu mwulize mama maswali ya wazi: una watoto wangapi, una mali gani, unataka nani apate nini na kwa nini. Usimpe majibu mdomoni. Na asikudanganye mtu kwamba mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kuandika wosia, wengine mwanzoni mwa ugonjwa wanaelewa vizuri tu hasa ukiwaona saa ambayo akili imetulia. Andika notsi siku hiyohiyo, kwa maneno yake mwenyewe, maana wosia ukija kupingwa yeye hatakuwepo kujisemea.

Baada ya miaka 5 ya kazi unaweza kuomba cheti cha ubingwa cha National Elder Law Foundation, kina mtihani mgumu, usiharakishe.

Kwa leo unaweza kuanza hivi, nenda mahakama inayoshughulikia mirathi kwenye kaunti yako uombe faili moja la mirathi iliyokwisha kumalizika, mengi yako wazi kwa umma, ulisome lote kuanzia maombi mpaka hesabu za mwisho za msimamizi.