Kupanda kabeji kutoka mbegu hapa Malindi: anza na msimu, mbegu ifuate

Mimi nalima upande wa Sabaki, ukishavuka daraja kwenda Mambrui, na swali naloulizwa kila wiki ni hili, kwani kabeji itafunga kweli kwa joto letu hili? Inafunga. Lakini mwaka wangu wa kwanza haikufunga hata moja, manake nilichukua mbegu niliyoiona imefanya vizuri shamba la watu huko Limuru kwenye baridi, nikaimwaga Novemba mwishoni kaskazi ishaingia, nikapata majani mapana yamefunguka wazi na katikati hamna kitu. Maji nilimwaga, samadi niliweka, palizi nilifanya, na yote yakaenda kwa mbuzi. Kosa lilishafanyika siku ile nimenunua pakiti. Ndo maana hapa ntakaa sana kwa mbegu na msimu, yale mengine mtu hujifunza haraka.

Hatua ya 1: kalenda kwanza

Kabeji ni mboga ya baridi, kichwa hufunga vizuri pakiwa na digrii 15 mpaka 20 hivi, na sisi hapa hata usiku wa Julai kwa kawaida tuko juu ya 20. Kwa hivo tunachotafuta ni ule wakati wa afadhali, nao ni kusi. Masika hupiga sana Mei, afu kuanzia Juni mpaka Septemba kunakuwa na upepo, mawingu mawingu, jua halichomi kama la Februari. Mimi humwaga mbegu kitaluni katikati ya Mei, nahamisha miche Juni katikati, nakata Agosti mwishoni na Septemba. Ukichelewa ukahamisha Septemba basi kichwa kitakuta joto la Novemba na hapo hata mbegu nzuri itakupa kichwa laini, ukikibonyeza chabonyea kama mto.

Wenzetu wa Mpeketoni na Witu kule Lamu hesabu ni hiyo hiyo, pepo ni zile zile.

Hatua ya 2: mbegu gani

Kwa pwani mimi naanza na KK Cross. Ni haibridi ya Kijapani, yaani mbegu ya kuchanganya aina mbili, yavumilia joto, kichwa si kikubwa, kilo moja na nusu mpaka mbili, na inakuwa tayari karibu miezi miwili baada ya kuhamisha. Huo udogo wengine hawautaki ila mimi naupenda, mama wa kibanda anataka kabeji ataimaliza leo kwa kachumbari ya viazi karai, hataki linalolala limekatwa nusu.

Copenhagen Market si haibridi, mbegu yake ni nafuu na agroveti zote wanayo. Kwa kusi inajaribu, vichwa vingine vidogo vingine vikubwa, na ikishakomaa usiiache shambani manake hupasuka upesi. Ukiwa unaanza na huna pesa, anza nayo, lakini mwezi wa Juni tu, usiipeleke Disemba.

Sugarloaf ni ile yenye kichwa kilichochongoka, ya kupanda nyumbani ni sawa, sokoni Malindi watu hawajaizoea.

Gloria F1 ni kabeji nzuri sana lakini mahali pake ni bara kwenye ubaridi. Ukiona lori limeshusha mavichwa yamekaza kama mawe, kumbuka yalikulia wapi kabla hujaulizia mbegu yake.

Watu huniuliza kama wanaweza kuweka mbegu zao wenyewe kama tunavyoweka za mchicha na kunde. Kabeji haiwezi huku. Mti wa kabeji ili utoe maua lazima upite wiki kadhaa za baridi ya digrii 10 kushuka chini, na Malindi hatuna usiku kama huo. Na haibridi hata ukiipeleka mlimani ikatoa mbegu, watoto hawatafanana na mama. Kwa hivo kila msimu utanunua, basi nunua vizuri: pakiti ambayo haijafunguliwa, tarehe haijapita, haijakaa kwa dirisha inapigwa jua (joto hili laua mbegu kuliko watu wanavyodhania), na ile stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, uikwangue utume namba zake kwa SMS 1393 ujibiwe kama mbegu ni halali. Fanya hivo ukiwa bado umesimama dukani.

Gramu 10 ni mbegu elfu mbili na nusu hivi au zaidi, zatosha karibu thumni ya eka, yaani sehemu moja kati ya nane. Usinunue kopo.

Hatua ya 3: maji ya moto, kwa mbegu isiyopakwa dawa

Kama mbegu ina rangi ya pinki au buluu ishapakwa dawa, ruka hapa. Kama haina rangi, fahamu kuwa ugonjwa wa kuoza kweusi huja ndani ya mbegu yenyewe, utauona baadaye jani laanza umanjano pembeni kwa umbo la V na mishipa inageuka myeusi, na ukishaingia shambani hamna dawa ya kuutoa. Funga mbegu kwa kitambaa chepesi, tumbukiza kwa maji ya digrii 50 kamili kwa dakika 25, toa tia kwa maji baridi, anika kivulini. Themomita ni lazima, usipime kwa kidole, digrii chache zikizidi umeua mbegu zote.

Hatua ya 4: kitalu

Hapa ndo wengi hupoteza miche. Kwanza maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, kabeji kubwa yaweza kuvumilia kidogo lakini mche mchanga hauwezi, kwa hivo weka pipa la maji ya mvua kwa ajili ya kitalu peke yake. Mimi nachota Sabaki, maji yakija mekundu nayaacha yatulie usiku mzima.

Pili udongo. Wengine hutumia makumbi ya nazi yaliyosagwa kwenye trei, ni mazuri yanashika maji, lakini kama ni yale yaliyokuwa yamefukiwa pwani kwa kusukia kamba basi yamejaa chumvi, yaoshe na maji matamu mara kadhaa. Ukikosa trei, tengeneza tuta la upana wa mita moja, changanya mchanga na samadi iliyooza kabisa, chora mistari ya sentimita 15 kutoka mmoja hadi mwingine, mwaga mbegu mojamoja kwa kina cha sentimita moja, funika kidogo, weka nyasi kavu juu. Siku ya 4 au 5 ukiona zimeanza kuchomoza toa zile nyasi siku hiyo hiyo, ukichelewa miche itarefuka myembamba kama uzi.

Kivuli cha makuti kiwe juu kama mita moja, na kiwe cha kupitisha mwanga. Mwagilia asubuhi, jioni usiloweshe, kwa unyevu wa Mei miche huoza shingoni ikalala chini usiku mmoja. Wiki ya mwisho punguza makuti kidogo kidogo na punguza maji ili mche uzoee jua.

Hatua ya 5: kuhamisha

Mche wenye majani manne mpaka sita, wiki nne hivi. Jioni, au siku ya mawingu. KK Cross naipa sentimita 45 kwa 45, Copenhagen 60 kwa 45. Kila shimo viganja viwili vya samadi iliyooza na kijiko cha chai cha DAP, mbolea ya kupandia, uchanganye na udongo vizuri mzizi usiguse mbolea. Wiki tatu baadaye CAN, mbolea ya kukuzia, kijiko kimoja kuzunguka, udongo ukiwa na unyevu, na tena kichwa kikianza kujikunja. Udongo wetu ni mchanga, mbolea yashuka na maji, ndo maana nagawa mara mbili.

Asubuhi ukikuta mche umekatwa chini kama kwa kisu, fukua hapo hapo kwa kidole utampata sota, yule kiwavi wa udongoni, amejikunja, muue. Na walio karibu na mto kama mimi wajue viboko hutoka usiku, ua wa miba peke yake hautoshi.

Hatua ya 6: viwavi na maji

Adui mkubwa ni kiwavi kidogo cha kijani, ukimgusa ajinyonganyonga arudi nyuma na kuning'inia kwa uzi. Kwa joto letu kizazi kimoja humaliza wiki mbili tu na hao huzoea dawa haraka sana, kupiga dawa ile ile kila wiki ni kuwafundisha. Geuza majani mara mbili kwa wiki. Wakiwa wachache ponda kwa vidole. Wakizidi, kokwa za mwarobaini zilizotwangwa gramu 50 kwa lita moja ya maji, zilale usiku, chuja, tia sabuni kidogo, piga jioni chini ya majani, au tumia dawa ya Bt, ile ya bakteria wanaoua viwavi, nayo pia jioni manake jua laivunja nguvu.

Maji yawe sawasawa kila siku. Ukiiacha ikauke siku nne afu uimwagie sana, kichwa chapasuka. Nyasi kavu chini ya mimea husaidia mno kwa mchanga wetu.

Hatua ya 7: kukata

Bonyeza kichwa kwa kiganja, kikiwa kigumu kata asubuhi na mapema ukiacha majani mawili ya nje ya kukilinda. Shina ukiliacha na majani ya chini litachipua vichwa vidogo vya kula nyumbani, lakini kama uliona ile V ya umanjano ng'oa yote na mizizi, uchome, na pale usipande kabeji wala sukuma wiki miaka mitatu. Mimi hupandapo mahindi na kunde.