Kabla hujamwachia fundi kompyuta yako ya Windows 10

Nasema na wenye stesheneri hapa Pemba, Chake na Wete, na walimu wenye laptopu za mtumba, hili la Windows 10 msilipuuze jamani. Microsoft waliacha kuitolea apdeti za usalama za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, siku ikapita, kompyuta zikawaka kama kawaida, printa zikatoa karatasi, watu wakasema aa kumbe maneno tu. Haizimiki ile. Ila likionekana tundu halizibwi tena, na wezi wa mitandaoni wanayasoma marekebisho ya Windows 11, ile mpya iliyoifuata, wanaona pamezibwa wapi, halafu wanakwenda kuangalia kama tundu lile lile limo kwenye Windows 10. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilichozikwamisha hospitali za Uingereza, dawa yake ilishatolewa tangu Machi, waliopata tabu ni ambao hawakuiweka na wenye mashine za zamani ambazo hazikuwa zikipata apdeti tena.

Sasa la kwanza kabisa, kabla ya fundi, kabla ya kuuliza bei ya mpya: kopi mafaili yako. Nalitia mbele kwa sababu nimeona skuli moja fundi kaja kapiga Windows mpya juu ya ile ya zamani bila kuuliza, matokeo ya mitihani ya miaka yakaondoka yote, mwalimu kakaa anaitazama skrini tu, iliniuma mpaka leo. Kopi mara mbili, moja kwenye hadidiski ya nje na nyengine kwenye kitu kisichokaa chumba kimoja na kompyuta. Usitazame Documents peke yake, wengi wetu kazi zote zimo Desktop na Downloads. Halafu chomeka hadidiski kwenye mashine ya mtu mwengine ufungue faili tatu nne, kwani kopi ambayo hujaifungua huna hakika nayo.

Ndipo uangalie kama mashine inaweza kubeba Windows 11. Inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ndani ya mashine, na kwa prosesa nyingi za Intel ni jenereshen ya 8 kwenda juu. Jenereshen unaisoma mwenyewe, i5-6300U ni ya 6, i5-8250U ni ya 8, kwa hiyo na wewe unaekwenda Darajani kununua laptopu usiishie kuambiwa "hii i5", uliza namba nzima. Ukiambiwa TPM haina, mwambie fundi aingie kwenye BIOS kwanza, ile menyu ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, mara nyengine imo ila imezimwa. Na akikwambia ataiingiza Windows 11 kwa nguvu, mimi sikushauri, Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyokidhi masharti haina uhakika wa kupata apdeti, basi umekimbia nini?

Kama haiwezi, upo mpango wa apdeti za ziada mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine iwe na Windows 10 toleo la 22H2, ndilo la mwisho, uwe na akaunti ya Microsoft, na ukikubali kusinki setingi zako, yaani zihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, hulipi kitu. Kiungo cha kujiandikisha kinatokea kwenye Windows Update. Njia nyengine ni Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, hii unaijaribu kwenye flashi kabla ya kugusa diski, hapo hapo ujue printa yako na fotokopi zinaitikia au la, na zile hati za Kiarabu za madrasa zinafunguka vizuri au herufi zinakatika.

Ukiamua kuibakisha ilivyo, ikate intaneti iwe ya kutaipu tu, na usifungulie akaunti ya benki humo. Lakini kwa stesheneri hilo halitoshi, kwa sababu kutwa wateja wanachomeka flashi zao na virusi vinaingia na hizo hizo, bora flashi zote zipitie mashine moja yenye apdeti na antivairasi.

Bando nalo, Windows 11 ni GB kadhaa, mnaweza kuchangiana mmoja akaipakua kutoka kwa Microsoft wenyewe akaitia kwenye flashi ya GB 8 ikazunguka maduka yote. Na laptopu ambayo betri imekufa usianze kuipiga Windows siku umeme unakatika katika, ikizimika katikati unaweza kuikuta haiwaki tena.